Nimesailiwa mara 7 na sijapata kazi. Nijifunze nini kutoka huko nyuma?

SWALI

"Shikamoo mama. Nina miaka 28, nilimaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2021. Tangu hapo nimefanya intavyuu 7: 3 za serikali, 3 za kampuni binafsi na 1 ya shirika lisilo la kiserikali. Za serikali, mchujo wa kwanza nilipata 41, wa pili 48, wa tatu mwaka 2025 nikapata 63 na kuitwa kwenye mahojiano, lakini sikupangiwa kituo. Kwenye mahojiano hayo waliniuliza njia za ununuzi, nikazitaja zote kwa Sheria ya mwaka 2011 kama tulivyofundishwa. Mjumbe mmoja akaniuliza 'una uhakika?' nikasema ndiyo. Za binafsi hakuna aliyenipigia tena. Kinachoniumiza ni kwamba karibu kila mara natoka nikijua nimejibu vizuri. Wale wa shirika waliniomba nieleze changamoto niliyowahi kukutana nayo kazini, nikawaambia mimi ni mtu wa kujituma na naweza kufanya kazi hata kwenye presha. Tatizo lingine, wanapoandika bila kuniangalia napoteza mawazo kabisa. Nyumbani wanasema nina mkosi, rafiki zangu wanasema bila koneksheni nitazeeka hivi hivi. Kwa sasa nasimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu, ila kwenye usaili huwa sisemi kwa sababu hiyo si ajira. Nifanyeje ili hizi intavyuu zilizopita zinisaidie badala ya kunikatisha tamaa?"

JIBU

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: "kwa Sheria ya mwaka 2011 kama tulivyofundishwa." Umepapita haraka, kama mtu anayeruka dimbwi dogo njiani, lakini mimi ningekaa hapo kwanza.

Sheria ile haipo tena. Bunge la Tanzania lilitunga Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma mwaka 2023, ikaanza kutumika katikati ya mwaka 2024 pamoja na Kanuni zake mpya za mwaka huohuo. Hata mfumo wa kielektroniki wa zabuni uliousikia ukiwa chuoni, TANePS, umeshaondoka na nafasi yake imeshikwa na NeST. Wewe umeingia kwenye mahojiano mwaka 2025 ukaijibu sheria iliyofutwa, tena kwa ufasaha. Mjumbe aliyekuuliza "una uhakika?" alikuwa anakurushia kamba. Kwenye jopo la usaili mjumbe haruhusiwi kukufundisha, anachoweza ni kukupa nafasi ya pili, na maneno yake huwa mafupi hivyo. Ungesema "naomba nijirekebishe, nadhani kuna sheria mpya", hata bila kuikumbuka vizuri, pengine ungeambulia alama mbili tatu.

Sikusemi, binti yangu. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jibu la swali lako katika umbo dogo. Umeniuliza usaili uliopita unakufundisha nini, na umekuwa ukitafuta somo kwenye matokeo, yaani kwenye ule ukimya wa simu. Ukimya hausemi kitu. Kama nafasi ni 1 na walioitwa ni 10, yule aliyeshika nafasi ya pili kwa nusu alama na yule aliyeshika mkia wote wanapata ukimya uleule. Lakini ndani ya chumba kulikuwa na swali, kulikuwa na jibu lako, na kulikuwa na mtu aliyenyanyua macho akauliza "una uhakika?" Hayo yana habari, na wewe mwenyewe umeyakumbuka bila kujua kwamba umeyakumbuka.

Sasa tuzifungue hizo 7. Wewe umezifunga fundo moja na kuliita kushindwa. Nikizitawanya mezani naona vitu tofauti kabisa. Mchujo wa maandishi: 41, 48, 63. Hapo hujashindwa mara tatu, umepanda ngazi, na ningependa kujua ulibadilisha nini kati ya ule wa pili na wa tatu, maana hicho kishike, usikiguse. (Wanaosema una mkosi waonyeshe hizo namba. Mkosi haupandishi alama 22.) Mahojiano ya serikalini: maarifa yaliyopitwa na wakati, ugonjwa ambao dawa yake ni kusoma, na unatibika kwa wiki chache. Kampuni na shirika: hapo ndipo pana kazi kubwa, nitarudi. Na hofu ya jopo linaloandika ni jambo la nne, linalojitegemea.

Jambo moja la kuangalia kabla sijaendelea. Kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, msailiwa aliyefaulu lakini nafasi hazikutosha huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye, nafasi ya kada ileile ikipatikana. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal uangalie, na uhakikishe namba ya simu iliyopo humo ni ile unayoitumia sasa. Nimeona watu wakibadilisha laini na kusahau.

Turudi kwenye lile linalokuumiza: kutoka ukijua umejibu vizuri. Tunapotoka kwenye chumba cha usaili tunapima tulivyojisikia, na tunajisikia vizuri tulipoongea bila kukwama. Jopo halipimi hivyo. Mtu anaweza kuongea dakika nne kama maji ya bomba na asiguse hata kimoja kati ya vitu vilivyoandikwa kwenye karatasi ya alama. Kinyume chake pia kipo: mtu anagugumia, anafuta jasho, lakini kila anachotoa mdomoni kinawekewa alama, halafu anaenda nyumbani kulia.

Kisha kuna kumbukumbu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri orodha za silabi zisizo na maana, halafu akapima kiasi gani kimebaki. Ndani ya saa 1 zaidi ya nusu ya kazi yake ya kukariri ilikuwa imepotea. Usaili si silabi tupu, una maana na una hisia, kwa hiyo hautayeyuka kwa kasi ile. Lakini maneno kamili ya swali, mpangilio wa jibu lako, na lile swali dogo la nyongeza, hayo huanza kupotea siku hiyohiyo. Kinachobaki ni aibu na ile sentensi moja uliyoikosea. Wiki mbili baadaye, ukishajua hujachaguliwa, akili inarudi nyuma kuandika upya hadithi nzima ili ilingane na mwisho wake. "Nilijua tu, yule mama hakunipenda tangu naingia." Hukujua.

Nikupe ushahidi wa kwangu. Usaili wangu wa kwanza, miaka ya nyuma sana, nilifika na kiatu kilichoachia soli kwa mvua ya njiani. Nilikaa saa nzima nimeficha mguu chini ya kiti. Nilipokosa kazi nilikuwa na jibu tayari: kiatu. Kwa miaka karibu 2 kila nilipoitwa mahali nilinunua au kuazima viatu. Baadaye nilikuja kufanya kazi sehemu nyingine na mmoja wa wale wajumbe, nikamuuliza siku moja kwenye chai. Alicheka. Kiatu hakukiona. Alichokumbuka ni kwamba nilisema "tulifanya, tulipanga, tuliandaa" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na walipotaka kunipa alama hawakujua katika hayo yote mimi nilifanya nini. Miaka 2 nilikuwa nasahihisha viatu.

Hilo la "tulifanya" linatupata sana sisi wa huku, na nadhani linahitaji kusemwa taratibu. Tumelelewa kwamba mtu anayesema mimi, mimi, mimi ni mtu wa majivuno. Kazi ya wengi inatajwa kwa wingi, na mwenye adabu anajificha ndani ya "sisi." Ni malezi mazuri na sikuambii uyaache. Lakini mjumbe mwenye karatasi ya alama hana safu ya "sisi." Njia niliyoiona inafanya kazi bila kukufanya ujisikie unajitapa ni kuwataja wenzako kwanza, kisha kutenga kipande chako: "Tulikuwa watu 4 kwenye kitengo. Sehemu yangu ilikuwa kupokea na kuhesabu." Baada ya hapo una ruhusa ya kusema "nili-" hadi mwisho wa hadithi.

Sasa hiyo karatasi ya alama. Wasailiwa wengi wanadhani jopo linakaa, linamwangalia mtu, kisha linaelewana "huyu anafaa." Zamani ilikuwa hivyo sehemu nyingi, na kwenye kampuni ndogo bado ipo. Lakini taasisi nyingi za umma, benki na mashirika makubwa wamehamia kwenye usaili uliopangwa: maswali yaleyale kwa wote, vigezo vya jibu vimeandikwa mapema, kila mjumbe anatoa alama zake peke yake, kisha zinajumlishwa. Kuna sababu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipopitia upya tafiti nyingi za njia za kuchagua wafanyakazi, usaili wa namna hiyo ulishika nafasi ya kwanza katika kutabiri nani atafanya kazi vizuri. Ule wa kupiga soga ulikuwa nyuma sana.

Kwako hii ina maana mbili. Ya kwanza ni nyepesi: wanapoinama na kuandika, ndipo wanapofanya kazi yao. Kalamu inayotembea mara nyingi ni habari njema, maana umesema kitu cha kuandikwa. Mimi nikiwa kwenye jopo ninayemwangalia usoni kwa muda mrefu bila kuandika ni yule ambaye bado nasubiri aseme kitu. Ya pili ni nzito zaidi. Kama vigezo vimeandikwa, basi swali la nyongeza ni dirisha la kuchungulia karatasi. Mjumbe anapokuuliza "na wewe hasa ulifanya nini?", karatasi inasema kitu kama "aeleze mchango wake binafsi" na bado hajakiona. Anapouliza "matokeo yalikuwaje?", ujue uliishia katikati. Anapouliza "una uhakika?", hilo umeshalijua.

Kwa hiyo kuanzia usaili ujao nunua daftari dogo, la shilingi chache tu, na uandike kabla hujapanda gari la kurudi. Kaa kwenye benchi stendi, au chini ya mti nje ya ukumbi. Andika maswali kwa maneno yao kadiri unavyoweza. Chini ya kila swali andika sentensi yako ya kwanza tu, kwa sababu sentensi ya kwanza ndiyo inayoonyesha kama ulilijibu swali au ulilizunguka. Andika kila swali la nyongeza na limekuja baada ya jibu lipi. Weka alama pale ulipokatikiwa mawazo. Ulivyojisikia usiandike siku hiyo, kesho yake ukitaka.

Zile 7 zilizopita huwezi kuzirudisha zote, lakini jaribu na 2 za karibuni, huku ukijua kwamba kumbukumbu yako imeshachakachuliwa kidogo. Tafuta maswali ya nyongeza peke yake. Kama yanafanana sehemu mbili tofauti ambazo hazijuani, hapo umepata kitu cha kweli. Lililotokea mara moja liache lipite. Huenda mjumbe alikuwa na njaa.

Nikikisia kutokana na barua yako, kitakachojirudia ni mifano. Uliombwa kueleza changamoto ukajibu kwa sifa. "Mimi ni mtu wa kujituma" haliwezi kupewa alama kwa sababu kila aliyeingia asubuhi hiyo amelisema, hata mvivu. Swali linaloanza na "tueleze wakati ambapo" linataka tukio: ilikuwa lini na wapi, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya hatua gani, ikaishaje. Na wewe hutoi mfano huku umesimama katikati ya stoo! Binti yangu, umesomea ununuzi na ugavi, kila siku unapokea mzigo, unatunza daftari, unahesabu, unagombana na wasambazaji, halafu unawaficha wasaili kwa sababu mwenye duka ni mjomba. Unalipwa au hulipwi, ni mjomba au ni mgeni, stoo ni stoo.

Jibu lako lingeweza kusikika hivi (namba ni za kubuni, weka zako za kweli, na usiseme tukio ambalo halikutokea kwa sababu swali la pili litakuumbua):

"Ninasimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, tupo watu 3 na mimi ndiye ninayeshika daftari. Mwezi wa 5 tulihesabu saruji tukakuta mifuko 14 pungufu. Nilichukua hati za kupokea mzigo za wiki 3 nikazilinganisha na risiti za mauzo, siku kwa siku. Nikagundua kwamba gari lilipochelewa kufika, mzigo uliandikwa kama ulivyo kwenye karatasi ya msambazaji bila kuhesabiwa, na siku moja kati ya hizo nilikuwa zamu mimi. Nilimweleza mwenye duka, tukaandika madai. Msambazaji alikubali mifuko 9 ya mzigo wa mwisho, ile 5 tuliikosa. Nikapendekeza mzigo usipokelewe hadi watu wawili wahesabu na kusaini. Tangu hapo hesabu ya mwisho wa mwezi haijapishana kwa zaidi ya mfuko 1."

Lisome kwa sauti, halifiki dakika moja na nusu. Angalia kwamba halina neno "kujituma" hata mara moja. Angalia pia ile mifuko 5 iliyopotea na ile zamu yako: usiifiche. Hadithi ambayo kila kitu kiliishia vizuri hunukia uongo, na jopo lina pua. Na kwa usaili wa serikali una daraja la kuvukia, maana ununuzi wa umma nao una kamati za ukaguzi na upokeaji wa mali kwa sababu ileile, kwamba aliyeagiza asiwe ndiye anayejipokelea peke yake. Ukiunganisha stoo ya mjomba na kanuni hiyo, umeonyesha kuwa unaielewa kazi. Kukariri tu kusingekufikisha hapo.

Tengeneza matukio kama hayo 5 au 6: la kosa lako mwenyewe, la kutoelewana na mtu, la muda mfupi, la kugundua tatizo, la kumhudumia mteja mgumu. Yanatosha kujibu maswali mengi kwa kugeuzageuza. Usiyakariri neno kwa neno. Kariri namba na mpangilio, maneno yaje yenyewe.

Kuhusu makundi ya WhatsApp na Telegram yanayogawa "maswali yaliyopita": yatumie kujua maeneo yanayoulizwa, usiyatumie kama majibu. Mengi ya majibu yanayozunguka humo yameandikwa na mtu kama wewe, aliyesoma sheria ileile ya 2011. Chukua Sheria na Kanuni zenyewe, PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma, wanazo kwenye tovuti yao, na uzisome ukiwa na kalamu.

Na koneksheni? Nisingependa kukudanganya. Upendeleo upo, nimeuona kwa macho yangu, na kuna nafasi hutangazwa huku mtu wake akijulikana. Lakini hebu tuwe wakweli pande zote mbili: koneksheni haielezi kwa nini ulipata 41 kisha 63, wala haikukujibia sheria iliyofutwa. Shida yake kubwa kama maelezo ni kwamba hata ikiwa kweli, haikupi cha kufanya Jumatatu asubuhi. Iweke kabatini. Isipokuwa kitu kimoja: akija mtu anayedai ana maswali ya usaili ya kuuza, au anaweza "kukuwekea jina" kwa kiasi fulani, huyo si koneksheni, ni mwizi au mla rushwa. TAKUKURU wana namba ya bure, 113.

Je, uwaulize waliokukataa? Kwa kampuni na mashirika, ndiyo, mara moja, kwa ujumbe mfupi, baada ya mchakato kwisha kabisa. Usiulize "kwa nini hamkunichukua", hakuna atakayejibu hilo, wanaogopa lawama. Uliza jambo moja linalojibika: "Nashukuru kwa nafasi ya kusailiwa tarehe fulani. Naendelea kujijenga katika fani hii. Kama inawezekana, naomba kujua eneo moja ambalo mngependa kuona naboresha." Jiandae kwamba wengi watakaa kimya, na baadhi watakujibu kwa sentensi ya adabu isiyo na kitu, "ushindani ulikuwa mkubwa." Akipatikana mmoja katika watano akakwambia ukweli, shukuru na usibishane naye hata kama ameonea. Serikalini usiwatafute wajumbe, hata kama mmoja unamfahamu. Huko unazo alama zako za mchujo, ambazo ni mrejesho kuliko wanaoupata wengi.

Tumefika kwenye hofu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Thomas Gilovich, Kenneth Savitsky na Victoria Medvec walichapisha majaribio waliyofanya nchini Marekani, katika moja wapo walionjesha watu vinywaji, kimojawapo kikiwa kibaya, wakawataka wakaze uso wasionyeshe. Walioonja walidhani watazamaji wengi watagundua ni kipi. Waliogundua walikuwa wachache kuliko walivyodhani. Tunaamini kwamba yaliyo ndani yetu yanaonekana nje, na huwa hayaonekani kiasi hicho. Moyo unaodunda hauwekewi alama. Kinachoonekana ni pale unapouogopa huo moyo na kukimbilia mwisho wa jibu.

Zoezi lake ni hili, na lifanye kama lilivyo: tafuta watu wawili, ikiwezekana mmoja awe mkubwa kwako ambaye unamwonea haya, shangazi, mwalimu, mzee wa kanisani au msikitini. Wape maswali 4 na karatasi. Waambie waandike muda wote na wasikuangalie hata mara moja, wala wasitabasamu, wala wasiseme "vizuri." Rekodi sauti kwa simu. Mara ya kwanza utacheka, mara ya pili utakasirika, kufikia ya tano utaona ni vichwa tu vilivyoinama. Ukisikiliza rekodi, sahihisha kitu kimoja kwa zoezi. Ukitaka kurekebisha sauti, mikono, Kiingereza na mifano kwa siku moja, utaingia kwenye usaili unajichunga mwenyewe badala ya kusikiliza swali.

Ukikatikiwa mawazo ndani ya chumba, una haki ya kusema "naomba nirudie swali kama nilivyolielewa" na kulirudia. Unapata sekunde kumi za halali, na wakati mwingine wanakurekebisha kabla hujapotea. Na kama Kiingereza kinakubana, uliza mwanzoni kabisa, kwa adabu, jopo lingependa ujibu kwa lugha gani. Kuuliza hakukatwi alama.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Kama unakosa usingizi kwa wiki nzima kabla ya usaili, kifua kinabana na mikono inakufa ganzi, kama umeanza kuacha kwenda ukiitwa, au huzuni ya kukosa kazi imekaa hadi chakula hakipiti na unaona maisha hayana maana, nenda hospitali ukaonane na daktari au mshauri nasaha ana kwa ana, usisubiri hadi upate kazi ndipo upone. Kama shida ni nyaraka, mfano jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne, mwone mwanasheria sasa kuhusu hati ya kiapo au ya kubadili jina, kwa sababu siku ya usaili mlangoni hawatakusikiliza, kama wasivyopokea hati za matokeo badala ya vyeti halisi. Kwa kufanyishwa usaili wa majaribio na mtu anayejua, ulizia ofisi ya ushauri wa kazi ya chuo ulichosoma, wengi hawajui kwamba hata wahitimu wa zamani hupokelewa, au TaESA, huduma za ajira za serikali. Na usajili wako wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, hukuutaja. Kama hujaanza, hilo liulizie wiki hii.

Nina swali moja kwako, nijibu ukipata nafasi. Baada ya ile "una uhakika?" wakakuuliza nini kingine? Uliishia hapo kwenye barua, na nadhani kuna maswali mawili matatu bado unayo.